Nani Aanze Kuamkia?

"Lifti imepanda yenyewe!" Khalfani alitangaza, simu kaiinua juu ya vichwa vya watu. "Hapa hapa Mchafukoge! Ndani hakuna mtu, imepanda mpaka juu, mlango ukafunguka, ukajifunga, ikashuka. Wapangaji wametoka mbio na magodoro!"

Kijiweni pale, mbele ya duka la vitambaa la mzee Devendra, Khalfani anaitwa Breking, maana habari ikipita mdomoni mwake lazima iungue, hata ikiwa ya juzi.

"Acha kamba, Breking," alisema Sadalla, muuza mabegi ambaye kwa sauti yake wamempa jina la Promota. "Lifti mbovu hiyo. Jini akae Mchafukoge? Kodi anaiweza?"

"Na pesa ya kilemba juu, kabla hajapewa ufunguo!" alidakia Selina, akimimina kahawa. Huyu ni Dozi, na ukinywa vikombe vyake viwili huulizi kwa nini.

Wote wakacheka, isipokuwa Komal. Binti wa mzee Devendra alikuwa amekaa kwenye ncha ya benchi, kalamu mdomoni, daftari tupu mapajani. Anasomea filamu, na kijiwe kizima kinamwita Dairekta, jina ambalo chuoni bado hajalipata.

"Kulikoni, Dairekta? Umenuna," Promota aliuliza.

"Nimekwama, kaka. Darasa letu tunapiga filamu moja tu, ya kutisha. Leo adhuhuri Ticha Pius anatusikiliza kwa simu, mmoja mmoja, achague nani aongoze dakika mbili za mwanzo. Nikikosa, nashika stendi ya taa tena. Mwaka mzima nashika stendi ya taa! Baba ameshaanza kuniuliza kama nasomea umeme."

"Si ulishampelekea moja?"

"Mbili, kazikataa zote. Jumba la mlimani, ukungu umetanda, kengele inalia, mbwa mwitu anabweka. Kaniambia nimletee kitu kinachomtisha mtu wa hapa."

"Ukungu!" Promota alijipiga paja. "Bongo hii ukungu utautoa wapi? Huo moshi wa chipsi. Watu wataona njaa badala ya kuogopa!"

Komal alicheka bila kupenda, akawasimulia wazo lake jipya. Mzee anafunga duka lake jioni. Anashusha mlango wa chuma, anatia kufuli, mara ndani inasikika sauti ya mtoto wa miaka tisa, aliyefia humo zamani.

"Huyo mzee ni mimi," alisema Babu Bakili, akijiweka sawa kofia. Ni fundi cherehani kutoka Lindi, mwenye ndevu nyeupe. Wanamwita Fulustopu, kwa sababu anaamini akishasema yeye, mjadala umekwisha. "Msinitafutie mwingine."

Basi wakajaribu. Dozi, mwenye sauti nyembamba, aliingia dukani, mlango ukashushwa nusu. Fulustopu akausogelea na kufuli, uso ameukunja vizuri kabisa.

"Shikamoo, babu," sauti ilitoka gizani.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, babu."

"Shule je?"

"Kata!" Komal alipiga kelele. "Babu jamani! Huo ni mzimu!"

"Ndiyo, na una adabu," Fulustopu alijitetea. "Mtoto kaniamkia, nisimjibu?"

Breking alikuwa ameshika mbavu. Komal alitazama simu yake, adhuhuri ilikuwa inabisha hodi.

"Dozi, basi usimwamkie. Anza tu kumtisha."

"Hapana!" Fulustopu aling'aka. "Kitoto cha miaka tisa kinitishe bila shikamoo? Wajukuu zangu wataiona hiyo filamu! Kiniamkie kwanza, halafu kinitishe kikipenda."

"Ngoja, ngoja," Breking alinyanyua kidole. "Dairekta, huyo mtoto alikufa lini?"

"Zamani sana. Kabla Babu hajazaliwa."

"Kumbe! Basi ni mkubwa wake! Fulustopu ndiye amwamkie yeye!"

Hapo kijiwe kikawaka. Watu hawa hawawezi kuogopa kitu kabla hawajakijadili.

"Umri unasimama ulipofia!" Promota alinguruma. "Mzimu haukui!"

"Nani kakuambia?" Breking alimuuliza. "Ulishawahi kufa?"

"Miaka inahesabiwa tangu kuzaliwa," Dozi alisema kutoka ndani ya duka. "Huyu angekuwepo, mngemwita babu wote."

"Nimwamkie mimi?" Fulustopu alisimama, ndevu zikimtetemeka. "Mimi? Mtoto wa chekechea?"

"Wa miaka tisa, Babu. Darasa la tatu huyo."

"Hata la saba! Siamkii!"

Komal aliacha kuwasikiliza. Alihisi baridi inampanda mgongoni, na furaha juu yake, vyote kwa pamoja. Alichuchumaa penye upenyo wa mlango, akamnong'oneza Dozi. Kisha akageuka.

"Babu, mara moja tu. Fanya kama unafunga."

Fulustopu alinung'unika, akaliinamia kufuli. Ndani kimya. Akazungusha ufunguo. Bado kimya. Halafu sauti ile ndogo, bila haraka, ikasema:

"Bakili. Mbona huniamkii?"

Ufunguo ulidondoka. Promota alirudi nyuma mpaka akakaa juu ya begi lake mwenyewe. Breking aliitia simu yake mfukoni.

"Nani kamfundisha jina langu?" Fulustopu aliuliza polepole. "Jina langu kavu kavu?"

Komal alikuwa anarukaruka pale barabarani, wapita njia wanamshangaa. Simu ikaita. Ticha Pius.

"Haya, Komal, mwanzo wako."

Aliiweka simu kwenye spika. Akamsimulia juu ya mzee, mlango, kufuli, kimya. Halafu akaisogeza simu kwenye upenyo. Ndani, Dozi alijua la kufanya.

"Pius," alisema mtoto. "Mbona huniamkii?"

Kijiwe kizima kiliisogelea simu. Komal alifumba macho, akaiona stendi ya taa inamsubiri.

"Shikamoo," ilisema simu, kwa sauti ndogo mno.

"Marahaba," Dozi alijibu.

Simu ikakatika. Hakuna aliyethubutu kucheka hadi ujumbe ulipoingia, na Komal akausoma kwa sauti iliyokuwa inapasuka kwa furaha:

"Dairekta ni wewe. Ila mwambie huyo mtoto nimeshamwamkia."