Spana Moja, Samaki Wawili

Jumanne, 3 Machi. Baikonuri.
Kesho tunaruka. Tunapeleka maji, chakula na bomba jipya la kupozea mitambo kwenye kituo cha angani cha Beryoza, na tutalifunga wenyewe. Yuko huko Rustam Galiyev, peke yake, huu ni mwezi wake wa saba. Vyumba vya kulala ni viwili. Kimoja ni chake. Cha pili, chenye dirisha, atampa amtakaye. Kamanda wangu, Vsevolod Lazutin, anakitaka. Nami nakitaka. Atakayekikosa hulala darini, amefungwa kama mzigo.

Galiyev ni mtu wa Astrakhan, mji wa wavuvi kwenye mto Volga, naye huko anakula vya makopo. Samaki wawili wakavu wa Volga watamlainisha! Tatizo: kila gramu hupimwa, na mke wangu amekijaza kifurushi changu soksi za sufu. Nikachungulia sanduku la vifaa. Spana kubwa: gramu 640. Samaki wangu: gramu 640! Orodha inasema kituoni iko spana kama hiyo. Nimebadilisha. Mizani haikushtuka.

Jumatano, 4 Machi.
Tumo angani. Asubuhi basi lilisimama njiani, kama ilivyo desturi ya wanaanga, tukashuka na kulikojolea gurudumu la nyuma la kulia. Lazutin aliuliza kama nasikia harufu ya samaki. Nikamjibu kwamba ni upepo wa bahari ya Arali. Sasa tumekosa uzito, damu imepanda kichwani, na pua ya kamanda imeziba kabisa. Nililitarajia hilo. Akili!

Ijumaa, 6 Machi.
Tumefika. Galiyev alitupokea mlangoni kwa mkate na chumvi. Akanikumbatia, akaninusa, akanitazama. Pua yake imezoea huku, haijaziba. Sikulifikiria hilo. Samaki nimewatia katika soksi na kuifunga nyuma ya kifurushi changu. Nitampa tukiwa wawili.

Jumamosi, 7 Machi.
Siku mbaya. Sanduku limefunguliwa, spana ya kufungia bomba hamna. Nilishangaa kuliko wote, nikawalaumu watu wa stoo. Kisha, kwa utulivu, nikaomba ile ya kituo.

Galiyev akacheka. “Ile ilinitoroka Novemba, ndugu yangu. Niliiachia nipige chafya, nilipogeuka haipo.”

Moscow wametoa amri. Bomba la zamani linavuja. Lisipobadilishwa kufikia Jumanne, tukifunge kituo turudi sote watatu.  Galiyev alikwenda kuitazama ngano yake, aliyoipanda mwenyewe, na wiki ijayo ingetoa masuke.  Nikakimbilia soksi yangu, nimpe samaki wamliwaze. Iko wazi. Samaki hawamo!

Jumapili, 8 Machi.
Tumekagua wavu wa feni, ambako kila kilichopotea hujipeleka chenyewe. Tumepata penseli, kifungo, kitana na nusu ya biskuti. Hatukupata spana. Wala samaki. Lazutin alitengeneza spana ya vijiko, imevunjika. Galiyev anasema tangu jana ananusa harufu ya nyumbani kwao. Lazutin akasema huo ni upweke. Nikamuunga mkono kwa moyo wote.

Jumatatu, 9 Machi.
Galiyev aliufuata ukuta kwa pua, kama mbwa wa kuwinda, akasimama kwenye bamba la arobaini. Mara tatu nilishauri lisifunguliwe. Lazutin akalifungua. Nyuma yake mna mwanya unaovuta hewa kupitia ufa wa pembeni, na ndani ya mwanya walikuwamo samaki wawili. Chini yao, spana ya Novemba!

 Kamanda akanigeukia: “Kuzma Yegorovich, hawa wamepanda roketi ipi?”

“Ya kwetu, ndugu kamanda.”

Galiyev hakungoja zaidi. Alishika spana kwa mkono mmoja, samaki kwa mwingine. Saa nne baadaye bomba jipya lilikuwa likifanya kazi. Halivuji hata tone. Moscow wamefuta amri, kituo kinabaki. Galiyev alilia, na kwa kuwa huku machozi hayadondoki, yalimng’ang’ania machoni kama gololi. Nilimfuta kwa soksi ya mke wangu. Tangu Jumamosi sikuwa nimevuta pumzi hivi.

Baadaye Lazutin aliuliza, kwa upole wa kutisha, samaki wale wana uzito gani. Nashukuru huku mizani haifanyi kazi.

Jumanne, 10 Machi.
Chumba chenye dirisha amepewa Lazutin. Samaki wameliwa na hao wawili. Mimi nimepewa mkia. Naandika nikiwa darini, nimefungwa kwa mikanda minne.

Lakini tufikiri kwa haki. Bila samaki, bamba lisingefunguliwa. Bila bamba, spana isingeonekana. Basi aliyekiokoa kituo ni nani? Sitaki sifa. Nimekumbuka tu kwamba katika sanduku la safari ijayo kutakuwa na nyundo ya gramu mia tisa. Hiyo ni sawa na kambare mmoja wa kukaushwa kwa moshi, kasoro mapezi.