Nilivyoikwangua Stika ya Mzee Gulamu

Wadau, leo nimefedheheka mbele ya serikali mbili kwa mpigo mmoja.

Niungame kabisa: asubuhi, wengine wakiwa bado wanakoroma, nilichukua kisu cha mkate na maji ya moto nikakwangua stika kwenye kioo cha nyuma cha gari. Gari lenyewe si letu. (Tulieni. Nafika huko.) Na nasimulia mwenyewe kwa sababu kuna dada mmoja kwenye foleni alikuwa anarekodi. Bora mnisikie mimi kabla video haijawafikia.

Iko hivi. Baba yangu, fundi mafriji wa Nguvumali, Tanga, mtu asiyependa makuu, amekodi gari twende Mombasa mpaka Malindi. Wiki nzima! Amelikodi kwa Mzee Gulamu, yule mwenye duka la vyombo Chumbageni. Gari jeusi, linang'aa, kiyoyozi kinapuliza mpaka meno yanagongana. Ila nyuma, kioo kizima, kuna stika ya njano: GULAMU, MAGARI YA KUKODI. Herufi zake mtu wa Pemba anazisoma bila miwani.

Sasa mimi jana nilishaliweka kwenye status. "Mzee kavuta chuma. Kesho tunatoka nje ya nchi kwa usafiri wetu." Picha nilipiga kwa mbele, nimeikalia namba. (Namba ni nyeupe, ya biashara. Za watu binafsi ni njano. Nchi hii hata mtoto wa chekechea analijua hilo.) Shabani wa darasani kwetu akauliza, "Mbona umekalia namba?" Nikamjibu, "Usalama wa familia." Na kwa kuwa shetani hana likizo, nikaongeza: "La zamani tumempa mlinzi."

Hatujawahi kuwa na la zamani. Mlinzi ndiyo kabisa.

Shabani anakaa Amboni, na barabara ya mpakani inapita mlangoni kwao. Akasema atasimama nje atupungie mkono. Niambieni ukweli, ningefanyaje? Namba, gari likipita mbio, haionekani vizuri; stika inaonekana. Ilikuwa mimi au stika.

Baba hakugundua. Alikuwa anapambana na mabegi ya Mama. Mama naye akili yote iko Likoni kwa mdogo wake, Mama Salma, aliyekaa kwenye ndoa miaka chungu nzima bila mtoto, sasa Mungu kampa huyo Salma. Leo mchana ni akika ya mtoto. Mama hajamwona hata kwa picha inayoeleweka. Kapakata halua ya Tanga tangu tunatoka nyumbani, haiweki chini, utasema ndiyo mtoto mwenyewe.

Amboni, Shabani alikuwepo. Kapunga mikono miwili! Nikampungia kama waziri. Hadi hapo mambo safi kabisa.

Tukafika Horohoro, mpakani. Hati za kusafiria, sawa. Bima, sawa. Ikabaki barua ya mwenye gari kuruhusu litoke nje ya nchi. Jamani, Mzee Gulamu huandika barua kama anagawa mirathi. Kila kitu kimo. Afande, mwanamke mmoja mwembamba mwenye kalamu sikioni, akawa analizunguka gari huku anasoma.

"Mkwaruzo, mlango wa kushoto. Upo. Ufa, taa ya kulia. Upo. Stika ya njano, kioo cha nyuma..."

Kalamu ikashuka kutoka sikioni.

Akapitisha kidole kwenye kioo. Kikanata.

"Mzee, stika iko wapi?"

"Stika gani?" akasema Baba. (Baba jamani! Hilo ndilo jibu la wezi wote duniani.)

"Magari ya kukodi yanaibiwa hivi hivi. Jina linafutwa huku, gari linauzwa kule. Hili halivuki. Na wewe mzee, twende ofisini."

Afisa wa upande wa Kenya naye akasogea na kikombe chake cha chai, kuangalia sinema.

"Mwanangu," Mama akamwambia afande, "leo akika ya mtoto wa mdogo wangu. Wananisubiri."

"Pole, mama. Sheria."

Mama akafunika uso kwa mtandio. Mabega yakaanza kutikisika. Hapo moyo ukanishuka mpaka kwenye ndala. Kabla sijafungua mdomo, Rehema, mdogo wangu wa miaka sita, akapaza sauti: "Ni kaka! Nilimwona, kwa kisu cha mkate!"

"Shikamoo afande," nikasema. "Ni mimi."

"Watoto hufundishwa kubeba makosa ya wazazi. Ushahidi uko wapi?"

Ushahidi ninao. Umo kwenye simu. Nikampa.

Akaitazama, akanirudishia. "Soma."

"Nisome?"

"Kwa sauti. Foleni isikie."

Nikasoma. Mzee kavuta chuma. Usafiri wetu. Usalama wa familia. Nilipofika kwenye "la zamani tumempa mlinzi," Mkenya akapaliwa na chai.

"Mlinzi gani?" Baba akauliza, kwa dhati kabisa.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Afande akampigia Mzee Gulamu, sauti nje.

"Stika yangu? Ebo! Nimeibandika kwa mikono yangu! Huyo akirudi atanioshea magari yote matatu mpaka shule ifunguliwe. Lakini waachie wapite, binti yangu. Akika ya watu haingoji."

Afande akaandika chini ya barua: "Stika imekwanguliwa na mtoto wa aliyekodi." Akapiga muhuri. Mkenya, kwa furaha zake, akapiga wa kwake. Nimeshakuwa waraka wa kimataifa.

Kutoka mpakani hadi Likoni Mama alikuwa ananisomea mimi tu. "Majivuno ni kazi ya shetani! Kuna aibu gani kusema tumekodi? Mtu hujisifia cha kwake!" Lakini sijutii, na kuosha nitaosha. Shabani, ukiisoma hii, mkono niliokupungia ulikuwa wa kweli.

Tumefika. Mama Salma katoka mbio, mtoto begani, majirani nyuma yake. Mama hakungoja hata gari lisimame vizuri, kamnyakua mtoto, kambusu, kalia, kacheka. Halafu Mama Salma akarudi nyuma hatua mbili, akalitazama gari toka taa hadi taa. (Kenya namba ya mbele ni nyeupe kwa kila mtu. Nani atajua?)

"Dada! Mmenunua gari?"

Baba akakohoa. Mimi nikamkodolea Mama macho. Mama akatengeneza mtandio, akamweka mtoto vizuri begani, akasema:

"Mungu si Athumani, mdogo wangu. Hebu ingia uonje kiyoyozi."