Mzigo Mmoja kwa Kaya

Jumatatu, 4 Machi
Kibao kipya kwenye lango la msitu wa serikali. Matawi makavu yaliyoanguka tu, panga marufuku, mzigo mmoja wa kichwa kwa kila kaya kwa wiki. Mzigo mmoja! Tanuri langu la mikate linaumaliza kabla ya Jumatano. Kitambi, mwokaji wa ng'ambo ya barabara, anatumia gesi. Leo kanisalimia kwa huruma. Nimekereka.

Jumanne, 5 Machi
Nimeamka na akili. Nimemwambia askari wa msitu kwamba mimi na mke wangu tumeachana, kwa hiyo sasa sisi ni kaya mbili. Nikainamisha kichwa, nikapangusa jicho. Kanipa pole na mizigo miwili. Mke sijamwambia. Hayo ni mambo ya kikazi.

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Askari kakutana na mama mkwe sokoni, akampa pole yeye pia kwa talaka ya binti yake. Mama mkwe kaja mbio na dada zake wawili, kamwamuru binti yake afungashe. Nikaeleza kwamba ni talaka ya kuni tu. Mke wangu alikuwa anakanda unga. Akanawa mikono taratibu, akavua aproni, akauliza kama nilimwacha kwa ajili ya mzigo mzima au nusu. Kaondoka. Nyumba imepooza, naogopa.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekanda mwenyewe. Mikate imetoka kama matofali. Kitambi kaja kunijulisha kwamba amemwomba mke wangu akakande kwake, na kwamba bibie anafikiria. Nikakimbilia ukweni, nikakiri yote. Mama mkwe anataka nikakanushe mbele ya askari, watu wakisikia. Mke wangu hakuniangalia hata mara moja. Nampenda. Bila yeye mimi si lolote.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekanusha, foleni nzima ya kuni langoni ikisikiliza. Watu wamecheka mpaka mizigo ikawadondoka. Mzigo wa pili nimeurudisha. Mke wangu karudi na begi lake, kasema nikirudia upuuzi huu ndiyo basi. Nimeapa mbele ya mama yake. Safari hii machozi yalikuwa ya kweli.

Ila pale kwenye foleni nilipata nafasi ya kusoma kibao mpaka chini. Mjane anaruhusiwa mizigo mitatu. Nguo nyeusi mke wangu anazo. Kilichobaki ni mimi kufa kidogo.