Elfu Isiyo na Simba

Jamani, leo sina uso. Nimeuacha shuleni kule Tononoka, mbele ya watoto arubaini na mmoja wa gredi ya tatu, na sidhani kama nitarudi kuuchukua.

Nianze mwanzo, maana nikianza mwisho mtacheka kabla sijamaliza.

Mimi ni keshia wa duka la vitambaa karibu na Marikiti. Kutwa nzima nashika pesa za watu. (Zangu ni chache, hazinichoshi.) Mke wangu Mwanaisha ana mdogo wake, Nuru, miaka minane, mdomo wa miaka arubaini. Wiki iliyopita mwalimu wao, Mwalimu Mutua, aliuliza nani ana mtu nyumbani anayeweza kuja kuwaeleza watoto habari za shilingi ya Kenya. Nuru akanyoosha mkono: "Shemeji yangu! Yeye noti ya bandia haijawahi kumpita!"

Maneno hayo ni yangu mwenyewe. Huyasema kila Ijumaa tukila biriani kwa wakwe, ili mavyaa asikie. Mavyaa, yaani mama wa mke wangu, ni mtu wa heshima zake pale Kibokoni, na tangu nimuoe mwanawe miaka miwili iliyopita hajasema kama nafaa au sifai. Akiulizwa mkweo vipi, hujibu, "Twamtazama." Basi niliposikia kwamba wazazi wamealikwa na yeye atakuja, nikajua hii ndiyo siku yangu. Leo atamaliza kunitazama.

Asubuhi nikapitia kwao kumchukua Nuru. Noti zote ninazo, ila elfu yangu ilikuwa imelegea na inanuka nyanya. Mavyaa akaniona nainyoosha kwenye goti. Akaingia chumbani, akarudi na kitambaa cheupe. Ndani mna noti ya elfu, kavu, haina mkunjo, inanukia udi, na pembeni ina doa dogo la hina.

"Kawaonyeshe hii," akasema. "Lakini irudi. Hiyo ni amana."

"Itarudi, Mama."

Hapo ndipo nilipoteleza. Miaka sita kwenye kaunta, kila noti naipapasa, naiinua, naiinamisha. Hata ya tajiri wangu, mwenye duka, naiinua. Lakini noti ya mavyaa? Uinue noti ya mavyaa kwenye mwangaza, nyumbani kwake, macho yake yakikutazama? Mwenye ujasiri huo hajaoa bado. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaitia mfukoni.

Somo likaanza vizuri ajabu! Wazazi wamekaa nyuma, mavyaa katikati yao, mkoba mapajani. Nikaonyesha sarafu. Shilingi moja ina twiga, tano ina kifaru, kumi ina simba, ishirini ina ndovu. Nikaeleza kwamba shilingi moja ni senti mia.

"Hizo senti zi wapi?" akauliza mtoto wa mbele, mapengo mawili.

"Siku hizi hatuzitumii."

"Sasa twazihesabia nini?"

(Mwenye jibu aniandikie.)

Nikapanda kwenye noti: hamsini, mia, mia mbili, mia tano. Nikasema zote zina picha ya lile jumba refu la mikutano la Nairobi. Mapengo akanyoosha mkono tena. "Mbona hawakuweka Ngome ya Yesu?" Wazazi wakapiga makofi! Nikasema hilo ni swali la Mombasa nzima. Wakapiga tena. Mavyaa naye akapiga, nimemwona kwa macho yangu. Kichwa kikavimba.

"Sasa watoto," nikasema, "noti ya kweli mnaijuaje? Papasa! Inua! Inamisha!"

"PAPASA! INUA! INAMISHA!"

"Ukiiinua kwenye mwangaza utaona kichwa cha simba. Nani anataka kumwona simba?"

"MIMIII!"

Nikaitoa ile elfu. Darasa zima likanukia udi. Nikamwita Nuru dirishani, nikampa aiinue, nikasimama mikono kiunoni. (Ningejua, ningeitumia miguu yangu kukimbia.)

Nuru akatazama. Akafunga jicho moja. Akafunga la pili.

"Simba hayuko, shemeji."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Hayuko."

"Labda amelala!" akasema mmoja. "Labda ametoka!" akasema mwingine. Nikaichukua mwenyewe. Nikaipapasa: laini kama karatasi ya daftari. Nikaiinamisha: ule uzi haubadiliki rangi hata kidogo. Mwalimu Mutua, Mungu amsamehe, akatoa elfu yake iliyokunjamana, akaiinua dirishani, akatabasamu. "Wangu yuko," akasema.

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikaona nimsitiri mavyaa, na mimi nijisitiri humo humo.

"Hongereni!" nikapaza sauti. "Nilikuwa nawapima! Hii nimeileta makusudi. Ni ya bandia. Haya niambieni, mtu anayempa mwenzake noti kama hii tunamwitaje?"

"MWIZIII!"

"Sijasikia!"

"MWIZIIIII!"

"Na kama ameitoa huku anacheka?"

"MWIZI MKUBWAAA!"

Kule nyuma mavyaa akasimama. Akaliweka buibui lake sawa, polepole.

"Mwalimu, naomba ruhusa niseme. Bwana keshia, huyo mwizi wamjua?"

"La, Mama."

"Ni wewe."

Nikacheka kidogo. Nilicheka peke yangu.

"Hiyo ndiyo noti ulonipa siku ya harusi, ya kufungua mlango," akasema. "Nyengine tuligawana. Hiyo sikuitumia hata siku moja, nimeiweka kumbukumbu ya mwanangu. Hina hiyo ni ya kidole changu. Kama ni bandia, imetoka kwako!"

Kwa wasio wa huku: bwana harusi akifika kwa bibi harusi, wanawake huufunga mlango na kuukalia. Hapiti mpaka atoe pesa. Siku ile vigelegele vilikuwa juu, kanzu imenibana shingoni, nikatoa noti kama mtu anayetupa karanga, na kweli, nilikuwa nacheka. Nilipewa na nani? Wallahi sikumbuki. Keshia asiyepitwa na noti ya bandia aliipitisha mwenyewe, akamkabidhi mama mkwe, na leo akawafundisha watoto jina lake.

Nuru akanyoosha mkono. "Kwa hivyo dada yangu alichukuliwa bure?"

"Basi arudi kwao!" akasema Mapengo.

"ARUDI! ARUDI! ARUDI!" Darasa zima, na madawati yanapigwa. Mwalimu Mutua ameshikilia ubao, machozi yanamtoka. Nikamtazama mavyaa. Amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Nikaona nimekwisha, nimemliza mama wa watu hadharani. Nikamkimbilia.

"Mama, nisamehe. Haki ya Mungu sikujua."

Akaufunua uso. Alikuwa hoi kwa kicheko! Hawezi hata kusimama. Akaniegemea begani, akanong'ona, "Mwambie mkeo aje kwangu. Mlango haujafunguliwa bado."

Nikadhani ni mzaha.

Sasa ni alasiri na niko barazani kwa wakwe, Kibokoni. Mlango umefungwa kwa komeo. Mke wangu yumo ndani, pamoja na shangazi zake wote, na kila anayepita njiani ameshapata habari kabla sijafika. Nimebisha.

"Nani?" Sauti ya Mwanaisha.

"Mimi. Mumeo."

"Mume gani? Sisi hatujafunguliwa mlango!"

Vigelegele! Nimepenyeza elfu moja chini ya mlango. Nikawasikia wanapanda nayo juu dirishani. Ikarudi. "Huyu simba amekonda!" Nikapenyeza nyingine. Hiyo inapita mkono kwa mkono, kila shangazi anaipapasa na kuiinamisha kama nilivyofundisha shuleni. Nuru ndiye anayewasimamia.

Mavyaa peke yake ndiye aliyenihurumia. Amefungua kidirisha cha chini, akanitolea kikombe cha chai na mahamri mawili. "Kula, mwanangu," akasema. "Wangoja sana." Miaka miwili nimeoa, sijawahi kuitwa mwanangu na mama huyu. Nimekula huku machozi yananilenga. (Chai ilikuwa ya moto. Andikeni hivyo.)

Basi naomba msinicheke, hasa nyinyi wanaume mliooa. Siku ile pale mlangoni, wewe ulikuwa ukizitazama noti, au ulikuwa ukiutazama mlango?