Chupa ya Musyoka

Jumatatu, 3 Septemba 1962

Changamwe. Nesi Florence wa dispensari amenishtaki kwa mke wangu. Kasema sukari mwilini haishuki, kidonda cha mguu hakifungi, na nikiendelea hivi nitakatwa. Mahfoudha hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Wautaka mguu wako au waitaka halua?"

Nikajibu mguu. Nilichelewa kidogo, akaona.

Sasa chai bila sukari. Wali wa kuonja. Jioni nitembee mpaka njia ya Kipevu na kurudi. Ijumaa napimwa tena.

Jumanne, 4 Septemba

Nimetembea. Mpaka barazani kwa jirani yetu Jamaludin, muuza halua. Ilikuwa bado ya moto. Nikala kidogo, kwa ajili ya wenzangu. Mtu hawezi kukaa na watu akaitazama sahani kama adui. Kabla ya kurudi nikavipaka viatu vumbi.

Mahfoudha akavitazama viatu, akanisifu, akanisafisha kidonda taratibu. Namshukuru Mungu kwa mke huyu. Roho iliniuma mpaka isha.

Jumatano, 5 Septemba

Fikra imenijia. Florence huchemsha mkojo pamoja na dawa ya buluu. Ikibaki buluu, mtu hana ugonjwa. Ikiwa nyekundu kama tofali, mtu mgonjwa. Lakini dawa haijui mkojo ni wa nani!

Nina mpangaji chumba cha uani, Musyoka, Mkamba, kuli wa bandarini Kipevu. Tumbo hana. Kila wiki azidi kuwa mwembamba. Maji anakunywa mtungi mzima, na msalani haishi kwenda. Mwili unaojisafisha namna hiyo hauwezi kuwa na sukari.

Alhamisi, 6 Septemba

Nimemwomba Musyoka mkojo. Nikasema ni wa kufukuza panya stoo. Hakuuliza mengi, muungwana yule. Akanipa chupa imejaa.

Nilimkuta anakula: mkate na chai ya sukari nyingi. Ndicho chakula chake asubuhi na jioni. Mkewe Rispa yuko Machakos, na zamu za bandarini hazimwachii nafasi ya kupika. Kasema chai ndiyo humpa nguvu, ingawa siku hizi nguvu hazikai. Nikaionea wivu ile chai.

Ijumaa, 7 Septemba

Florence akachemsha. Mimi nimesimama natabasamu. Dawa ikawa kijani, ikawa manjano, ikawa tofali kabisa.

Akamwita daktari. Wakanena kwa sauti ya chini. Nikaambiwa hali yangu ni ya hatari, nalazwa leo hii, nipigwe sindano. Nikasema najisikia vizuri. Florence akasema wengi husema hivyo kabla ya kuanguka. Akaishika sindano.

Wallahi niliutazama mlango. Ningeweza kutoka, na Musyoka asingejua chochote. Lakini nikamwona moyoni, gunia mgongoni, juani, na chai yake ile. Miguu ikakataa.

"Mwanangu," nikamwambia Florence, "mkojo huo si wangu. Ni wa mpangaji wangu, na sasa yuko kazini Kipevu."

Hakucheka. Alisema niingie garini nikamwonyeshe.

Tulimkuta ameketi kivulini nyuma ya magunia, macho mazito, anadhani ni joto tu. Ulimi mkavu, maneno hayatoki. Nilimshika mabega njia nzima. Amelazwa. Daktari kasema angekawia kidogo, tungemzika.

Kisha wakapima mkojo wangu. Rangi ya chungwa, jirani ya tofali. Hakuna aliyenipongeza.

Jumapili, 9 Septemba

Tumekwenda kumtazama Musyoka. Amekaa kitandani, uso umerudi. Akanishika mkono, akalia. "Mzee Hamdun, Mungu alikutuma wewe."

Nikamjibu kwamba Mungu ana njia nyingi. Mahfoudha, nyuma yangu, akakohoa.

Mke wangu keshaamua. Musyoka atakula kwetu: samaki, kunde, mchicha, sahani moja nami. Kasema mtu akila peke yake hula chochote. Jamaludin naye amesikia. Nikifika barazani ataificha halua, atoe kahawa chungu, na wenzangu wamekubali kunywa hiyo hiyo. Watu wote hawa, kwa mguu wa mtu kama mimi. Alhamdulillahi.

Jumamosi, 20 Oktoba

Musyoka yuko nyumbani, anajipiga sindano mwenyewe, amenenepa kidogo. Rispa atakuja kukaa naye. Kidonda changu chaanza kufunga. Sina budi kushukuru.

Florence ametuamuru mazoezi sote wawili, kila asubuhi mpaka Kipevu. Nimeazima baiskeli. Musyoka anapiga pedali, mimi nakaa kwenye keria, namtia moyo kwenye vilima. Leo amerudi jasho linamtiririka.

Nimemwambia Mahfoudha kwamba tumefanya mazoezi mazuri sana. Kesho tutafika mbali zaidi, inshallah. Nitachukua mto wa kukalia.