Ghala Lililozeeka Kabla ya Kujengwa

Nimeaibika leo. Mbele ya watu kumi na saba, mama yangu akiwa mmoja wao, na kwa kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe wiki tatu nzima. Nawaambia ninyi sasa, kabla hamjaambiwa na Ifakara yote.

Mnaonifahamu mnajua tabia yangu. Mimi ni mtu wa kuhoji. Padri akihubiri, nahoji. Daktari akiniandikia dawa, nahoji. Mama ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mpunga, na mara mbili alizonikaribisha kwenye mkutano wao niliwauliza "ushahidi uko wapi?" mpaka watu wakaondoka bila kufika ajenda ya tatu. (Shahada ya sosholojia. Miaka miwili nyumbani. Lazima mtu aitumie mahali.)

Sasa, kikundi kinataka kujenga ghala. Mwaka jana mpunga wao uliota kwenye magunia kwa sababu wanauhifadhi sebuleni. Matofali wanayo, fundi wanaye, kilichokosekana ni kiwanja. Kiwanja anacho Mzee Mponda, tena kiko pazuri, kando ya barabara. Alisema atakitoa, ila kwanza aone hilo ghala litafananaje, maana hataki ardhi ya baba yake ijengewe kibanda. Mama amembembeleza tangu mavuno. Mwishowe akamwahidi kwamba mwanawe atamtengenezea ghala dogo la mfano, alione kwa macho.

Huyo mwanawe ni mimi. Sijawahi kutengeneza hata mpini wa jembe.

Nikakimbilia kwenye video. Yupo mzungu mmoja mwenye ndevu nyeupe anayetengeneza vituo vya reli vidogo vya kukaa juu ya meza. Anaongea taratibu kama anayebembeleza mtoto alale. Kwake nilijifunza kupunguza vipimo: kila nusu mita ya ghala la kweli, sentimita moja ya kwangu. Kuta nilizikata kwenye maboksi ya sabuni. Mabati ni kopo la soda nililolibonyeza juu ya kitana mpaka likapata migongo. Nyasi ni pumba za mpunga zilizopakwa rangi ya kijani. Watu ni njiti za kibiriti. Mama alipoiona njiti yake mlangoni aliuliza kama yeye ni mfupi kiasi hicho. Nikamweleza habari za vipimo. Akasema sawa, ila Mponda naye asiwe mrefu kumpita.

Alhamisi ghala lilikuwa limekamilika. Jeupe, safi, limenyooka. Mama aliliweka juu ya kabati la vyombo na kuwaita majirani waje kuliona. Ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu wa heshima.

Lakini ilikuwa imebaki video moja. Humo mzee wa ndevu anasema kazi iliyo safi mno hufanana na kitu cha kuchezea watoto. Jengo la kweli limenyeshewa, limeshikwashikwa, lina umri. Anachukua kituo chake kizuri na kukichafua: kutu kwenye paa, uchafu chini ya kuta, dimbwi mbele ya mlango. Akimaliza, unaweza kuapa kwamba treni imepita hapo asubuhi. Nilisisimka. Sikuhoji hata neno moja. (Mimi. Sikuhoji.)

Nikalisugua jembe la zamani kwa msasa, nikapata unga wa kutu halisi, nikaupaka kwenye bati. Nikachanganya chai ya rangi iliyopoa na udongo wa shambani, nikachora mstari wa kahawia kuzunguka kuta zote, kimo cha goti la wale watu wa kibiriti. Mlangoni nikamwaga rangi ya kucha ya dada yangu, ile isiyo na rangi yoyote, ikakauka ikawa dimbwi linalong'aa kabisa. Kisha nikafunika kila kitu kwa kanga na kumkataza mama asifunue, ili naye ashangae pamoja na wenzake.

Alishangaa.

Leo saa tatu asubuhi wanachama wamekaa uani kwetu, wengine kwenye viti, wengine kwenye mikeka. Mzee Mponda kaja na shati lake la kuendea misa. Nikamwamkia shikamoo, nikatoa maelezo mafupi kuhusu vipimo (yalikuwa marefu, kusema kweli), nikavuta kanga.

Wote wakanyoosha shingo. Nikadhani ni kwa furaha.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Masanja, mwenye mkokoteni wa ng'ombe utakaosomba mchanga. Aliinama, akalitazama bati, akaniuliza kwa upole kama hili ni ghala linalojengwa au linalobomolewa. Watu wakacheka kidogo. Mama hakucheka. Alikuwa anautazama ule mstari.

Kwa mlio mbali na bonde hili, niwaeleze jambo ambalo hapa hata mtoto wa chekechea analijua, na ambalo mimi nililisahau kwa kumsikiliza mtu wa reli. Mstari wa kahawia ukutani, kimo cha goti, hauonyeshi umri. Unaonyesha kwamba mto uliwahi kuingia humo ndani. Huku kwetu mtu akienda kutafuta chumba cha kupanga, huanza kwa kuangalia ukuta. Na mimi nimeuchora kwa ustadi, pande zote nne, nikaongeza na maji mlangoni, kwenye kiwanja cha mtu tunayemwomba.

Mzee Mponda akasimama.

"Nani amekuambia kiwanja changu kinaingia maji?"

"Hapana, mzee. Ni mapambo tu."

"Mapambo yanafika magotini?" Akamgeukia Masanja. "Ni wewe umemwambia."

Masanja akajitetea kwamba yeye kahamia hapa juzi tu na ng'ombe wake, angejuaje.

"Basi amemwambia nani?" mzee akasema. "Maana waliokuwepo wakati ule wote wameshahama."

"Wakati upi?" akauliza mama.

Hapo mzee angenyamaza, yangeisha. Lakini hasira zilikuwa zimempanda. "Ilikuwa mara moja," akasema. "Mara moja tu, na wala hayakufika hapo. Huyu kijana ameyaongeza."

Minong'ono ikaanza kwenye mikeka. Mama akanigeukia na macho ambayo sikuwa nimeyaona tangu siku ilipofika barua ya kukubaliwa chuo.

"Fide," akasema, "kumbe ulifanya uchunguzi."

Jamani. Ningeinamisha kichwa tu kwa unyenyekevu, basi. Watu wazima wote wale walikuwa wameshaamini kwamba nilizunguka bondeni, nikahoji wazee, nikapima. Mama mmoja alikuwa ameshaniita profesa. Lakini Mzee Mponda alikuwepo kwenye ile mikutano miwili, na hajasahau. Akakunja mikono kifuani.

"Kijana, ushahidi uko wapi?"

Swali langu mwenyewe. Hata lile pozi la mikono lilikuwa langu.

"Kwenye video," nikasema.

"Video ya kiwanja changu?"

"Hapana, mzee. Ya kituo cha reli."

"Reli hii yetu?" akauliza Masanja.

"Ya Ulaya."

Kile kicheko sitakieleza. Masanja alikaa chini mwenyewe, kwenye vumbi. Yule mama wa profesa alijifunika uso kwa mtandio na mabega yakawa yanatikisika. Aliyecheka kuliko wote ni Mzee Mponda, mpaka akafuta machozi kwa mkono wa shati la misa. Mama alichukua kanga yake akalifunika ghala polepole, kama anafunika maiti.

Walipotulia, mzee akaniomba nilifunue tena. Akainama, akaweka kidole ukutani, chini kidogo ya mstari wangu.

"Yaliishia hapa," akasema, safari hii kwa sauti ndogo.

Akasema alificha kwa kuogopa kwamba wangekidharau kiwanja cha baba yake. Akasema anakitoa, wakikitaka bado, ila msingi uinuliwe mpaka kiunoni, mpunga usilowe tena. Mama akamshukuru kwa kupiga goti, akaandika kwenye daftari la kikundi, kisha akauliza ni nani atakayebeba kifusi cha kuinua msingi wote huo.

Watu kumi na sita wakanitazama. Wa kumi na saba alikuwa mama, na yeye alikuwa ameshaandika jina.

Naanza Jumatatu. Mzee Mponda ameshanipima kwa kamba: ni kiuno changu kitakachotumika, si cha yule wa kibiriti. Mnaocheka nawaona. Njooni na koleo.