Kichupa cha Mwamvua

Jumatatu, 9 Juni
Leo maabara nzima imesimama mlangoni kumpokea mgeni. Mgeni mwenyewe ni kichupa, kidogo kuliko kidole changu cha mwisho, kimelazwa kwenye boksi la barafu. Ndani, anasema Mwamvua, mtaalamu mpya aliyekiagiza, mna protini ya msuli wa binadamu, ya utafiti tu. Haikutoka kwa mtu. Bakteria wamepandikizwa jeni ya binadamu, wakaitengeneza wao. Dakta Lusia, bosi wetu, kasema hao bakteria ni hodari sana. Mimi niko hapa tangu maabara haina hata pazia. Sijawahi kuitwa hodari.

Protini hiyo itatumika kuhakiki kipimo kipya cha damu, cha kujua kama wachimbaji wanaobeba mawe kule Mwakitolyo wanaumia misuli. Wafadhili wanakuja Jumatatu ijayo kukiona kikifanya kazi. Kikifaulu, mmoja wetu atapelekwa Dar kusoma. Mmoja! Na Mwamvua kaja juzi tu.

Jumanne, 10 Juni
Nimenyang'anywa ufunguo wa friza. Eti utaratibu. Sasa unaning'inia shingoni kwa Mwamvua. Nyumbani nikamsimulia mke wangu Asteria, nikitegemea pole. Akasema huyo binti anaonekana ana akili. Ugali ukanishinda.

Alhamisi, 12 Juni
Mwamvua kafungua friza kukagua, nami nikachungulia kichupa. Kitupu! Nimekitazama huku na huku, hamna kitu. Binti wa watu kauziwa hewa. Shinyanga hii hata mtoto anajua kuwa mali haisifiwi kabla ya kupimwa. Wangapi wameuziwa shaba wakidhani dhahabu? Nitalala vizuri leo.

Ijumaa, 13 Juni
Mwamvua akienda kuswali ananiachia ufunguo. Ananiamini, maskini. Nikakitia kichupa kwenye chupa ya chai yenye barafu, mbio hadi kwa binamu yangu Mayala, mnunuzi wa dhahabu nyuma ya soko. Mizani yake inapima hata vumbi. Nikamwambia apime kilichomo. Akafungua. Kabla sijatia neno, akainama akapuliza, fuu, kama anavyopuliza mchanga kwenye dhahabu siku zote. Nikamuuliza kwa nini. Akasema mali halisi haipeperuki. Akakikung'uta juu ya mizani. Sifuri. Nikamshukuru kwa Kisukuma, wabeja sana, ushahidi huo. Kichupa kikarudi kwenye friza kabla Mwamvua hajatoka msikitini.

Jumatatu, 16 Juni
Kipimo hakikuonyesha chochote. Wafadhili wakatazamana. Nikasimama, nikakohoa, nikasema kwa masikitiko makubwa kwamba mwenzetu katapeliwa, kichupa kilikuja kitupu.

Mwamvua akaeleza kwamba protini hiyo huja imekaushwa, unga kidogo mno, jicho haliuoni, na pumzi tu inaweza kuupeperusha. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, nimejuaje ni kitupu. Nikasema mizani. Dakta akauliza mizani gani, maana sisi hatukupima. Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Ikabidi nimtaje Mayala, na kupuliza kwake. Mfadhili mmoja akaomba maji ya kunywa.

Jumanne, 17 Juni
Nimepangiwa kuosha chupa. Dar nisahau. Wafadhili wamekubali kurudi mwezi ujao, kichupa kingine kimeagizwa. Mwamvua, badala ya kunigombeza, kamwambia Dakta kosa ni lake kwa kuniachia ufunguo. Dakta kamsifu mbele ya wote kwa unyenyekevu. Roho imeniuma siku nzima. Kosa nifanye mimi kwa jasho langu, sifa apewe yeye.

Ijumaa, 4 Julai
Kichupa kipya kimefika. Ufunguo siku hizi Mwamvua anakwenda nao msikitini. Na mlangoni mwa friza kabandika karatasi: STANSLAUS ASIGUSE. Asteria kasema ni aibu. Aibu gani? Jina langu liko juu, kwa herufi kubwa. La Mwamvua halipo popote.

Nilichungulia walipokuwa wanakipokea. Kitupu tena, naapa. Safari hii sibahatishi. Kitasa cha friza nakijua tangu zamani, kisu cha mkate kinatosha. Nimeshaongea na Mayala na nimemkataza kabisa kupuliza. Kasema hamna shida, mali ataichoma moto kwanza.